Tuandikeni majina kabla boti haijaondoka mwaloni

Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya usafiri wa majini, wenye dhamana ya utalii, na viongozi wa Mkoa wa Mwanza na wilaya zake

Waheshimiwa,

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wengine wote, habari za kazi.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu Kirumba, na Jumapili naimba kwaya, sauti ya pili. Sijawahi kuandika barua ya namna hii. Naiandika kwa sababu Jumamosi moja mwaka huu, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu na nusu usiku, sikujua kama shangazi yangu yu hai au yuko chini ya maji. Na pale mwaloni, ufukweni boti zinapopakia na kushusha, hapakuwa na mtu, awe nahodha, mwenye boti au kiongozi, aliyeweza kunijibu swali dogo tu: asubuhi tuliondoka watu wangapi?

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Kwetu Usukumani ni sengi, na sengi akija nyumbani kwako ni kama baba mwenyewe amekuja. Ana miaka 67, anaishi Maswa, na ziwa alikuwa ameliona kwa mbali tu, dirishani mwa basi. Kwaya ilipopanga matembezi ya siku moja kisiwani, nikamlipia nafasi. Nikamshonea na nguo ya safari: gauni la kitenge cha kijani, mikono mirefu, marinda kiunoni, na kilemba cha kitambaa hichohicho. Naomba mkikumbuke hicho kitenge.

Tulipata boti mbili za mbao, zile za mashine ya kupachika nyuma. Sitataja mwalo, wala kisiwa, wala mwenye boti, maana kwa niliyoyasikia baadaye kwa watu wengi, ingeweza kuwa mwalo wowote na boti yoyote. Mwenyekiti wa kwaya alikusanya hela, akamkabidhi mwenye boti mkononi, naye akazihesabu. Alizihesabu mara mbili. Kisha tukaambiwa pandeni. Tukagawanyika wenyewe, vijana na ngoma zao huku, wazee kule, na kabla mashine hazijawashwa wakaongezwa watu tusiowajua, wenye magunia na ndoo, wanaokwenda kisiwani kwa shughuli zao. Hakuna aliyeulizwa jina. Jaketi okozi zilikuwapo. Katika boti yetu zilikuwa sita, zimefungwa fundo moja chini ya ubao wa mbele, kavu kabisa. Nikamwomba kijana wa boti anipe moja kwa ajili ya shangazi. Akanijibu kwa upole tu, "Mama, leo ziwa limelala."

Na kweli lilikuwa limelala. Siwezi kusema uongo, ile asubuhi ilikuwa nzuri. Tuliyapita yale mawe yaliyopandiana juu ya maji kama yamepangwa na mtu, mnandi wamejaa juu yake wakikausha mabawa. Shangazi alichovya mkono ziwani, akaonja, akanigeukia ameshangaa: "Kumbe hayana chumvi!" Maisha yake yote aliamini maji mengi kiasi kile lazima yawe ya chumvi. Akacheka mpaka kilemba kikalegea. Kisiwani tukaimba, tukala sato wa kuchoma na ugali, watoto wakacheza mchangani. Niliwaza kwamba mwakani nitawaleta na wadogo zangu. Ndivyo mnavyotuambia kila siku, waheshimiwa, kwamba tutembelee vivutio vya kwetu, na mimi niliitika kwa moyo wote.

Saa kumi na moja upepo ukageuka. Wingu jeusi likajitokeza, na manahodha wakaanza kupiga kelele, twende, twende! Watu wakakimbilia boti iliyo karibu. Waliokuja na boti ya kwanza wakapanda ya pili, wa ya pili wakapanda ya kwanza, na nani angewazuia, wakati hakuna palipoandikwa nani ni wa boti gani? Mimi nilijua shangazi yuko na wazee wenzake. Wazee walijua yuko na mimi. Simu yake ya tochi ilikuwa kwenye mkoba wangu, nilimshikia asubuhi isije ikalowa.

Njiani mawimbi yalitupiga. Boti ililalia ubavu, maji yakaingia hadi kwenye vifundo vya miguu, kijana akawa anayakumba kwa kidumu kilichokatwa mdomo. Watu walirundikana upande mmoja, nahodha akawafokea warudi. Watoto walilia. Lile fundo la jaketi lilikuwa bado chini ya ubao, na juu yake wameketi watu.

Tulifika. Boti ya pili ikafika dakika kama ishirini baada yetu. Nilisimama majini, maji ya magoti, nikitazama kila anayeshuka. Nikitafuta kijani. Akashuka wa mwisho, mzee mwenye ngoma. Kijani hakuna.

Hapo ndipo nilipoelewa tuna nini na hatuna nini. Nahodha wa kwanza alisema alibeba watu kama thelathini na moja. Kijana wake akasema thelathini na wanne. Wa pili alisema yeye hahesabu, anaangalia boti imekaaje majini. Wale wenye magunia walikuwa wameshaondoka zao, kwa hiyo hata kuhesabu waliobaki kusingesaidia. Halafu mwanakwaya mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema kwamba katikati ya safari, boti ilipolala, aliona kama kitambaa cha kijani juu ya maji. Miguu iliniisha nguvu, nikakaa chini.

Tulipokwenda kutoa taarifa, swali la kwanza tuliloulizwa lilikuwa lile lile: mlikuwa wangapi? Na la pili: mna uhakika alipanda? Sina ugomvi na aliyeniuliza. Hilo ndilo swali la kuuliza. Ikiwa hakupanda, yuko kisiwani, atafutwe asubuhi. Ikiwa alipanda, yuko majini, na kila dakika inayopita ni ya kifo. Msaada wa namna mbili tofauti kabisa, na wa kutuambia tuanze na upi hakuwepo, kwa kuwa asubuhi hakuna aliyeshika kalamu.

Waheshimiwa, mnayajua haya kuliko mimi, ila niruhusuni niyaseme, maana nimekuwa nikiyawaza kila nikikaa kwenye cherehani.

MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikiikaribia Mwanza, orodha ya abiria ilikuwapo kwa wale wa daraja la kwanza na la pili: 443. Daraja la tatu, lile la watu kama shangazi yangu, halikuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo, miaka 30 baadaye, ukiuliza wangapi walikufa utapewa hesabu zaidi ya moja. Wengine wamezikwa pale Igoma, hapa Mwanza, na kuna familia zisizojua mtu wao ni yupi kati ya wale. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, siku ya gulio Bugorora, kivuko cha MV Nyerere kilichotoka huko kikapinduka kikiwa kimebakiza kidogo kufika kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa ni 228, na 41 wakaokolewa. Siku zile za kwanza hakuna aliyeweza kusema walipanda wangapi, kwani mkata tiketi alikufa na mashine aliyokuwa akirekodia nayo ikapotea majini. Hesabu nzima ya chombo ilikuwa ndani ya chombo. Nakala haikubaki Bugorora.

Sasa linganisheni na ile ndege iliyoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022. Ni ziwa lile lile, na waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, kama kawaida. Lakini waliokuwa ndani walijulikana tangu mwanzo: abiria 39 na wahudumu 4, jumla 43. Waliotoka hai 24, waliokufa 19. Hakuna nyumba iliyolala ikibahatisha kama mtu wao alikuwemo. Uchungu ulikuwa mkubwa, ila ulikuwa na jina. Kwa nini mtu akipanda angani jina lake libaki chini kwa watu, na akipanda majini aondoke nalo?

Nina mpwa wangu anaongoza watalii Unguja. Nilipomsimulia yaliyonipata akaniambia wanavyofanya wageni wa zile meli kubwa zinazotia nanga kule kwa siku moja. Kila mgeni ana kadi. Akishuka inasomwa, akirudi inasomwa. Meli yenye abiria elfu mbili na zaidi, ikifika saa ya kuondoka, inajua ni nani hajarudi, na wa chumba gani. Anasema wageni wake hushinda wakitazama saa, iwe wako sokoni Darajani au kwenye mashamba ya viungo, kwa kuwa wanajua watahesabiwa. Watu elfu mbili wanahesabiwa na hakuna anayechelewa kwa sababu hiyo. Sisi tulikuwa hatufiki sabini.

Msinielewe vibaya. Sisemi ziwa lote halina utaratibu. Nenda Saanane, ile hifadhi iliyo mbele ya macho yetu hapa mjini: unalipa kiingilio, unavushwa, unajulikana umeingia. Kwenye meli za Bukoba na Nansio mtu anakata tiketi. Meli ya MV Mwanza imejengwa kubeba abiria 1,200, na naamini majina yao hayatapotea. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na siku hizi watu wanakatiza pale kwa gari bila kusubiri kivuko. Tunashukuru, tena sana. Lakini wilaya ya Ukerewe peke yake ina visiwa 38, na hakuna daraja litakaloviunganisha vyote. Wa kwenda harusini, msibani, kliniki, kwenye gulio, na siku hizi wa kwenda kutembea kama sisi, wataendelea kupanda boti ya mbao. Huko ndiko kalamu haijafika.

Ila niseme jambo nililojifunza usiku ule, lililonifanya niandike badala ya kulia tu.

Saa tatu na nusu simu ya mwenyekiti wetu iliita. Namba ngeni. Alikuwa kijana kutoka kile kisiwa, kambi ya dagaa iliyo upande wa pili ambako sisi hatukufika. Amepanda juu ya jiwe kutafuta mtandao. Namba aliipata kwa kuulizia mtu hadi mtu, kuanzia kwa mchuuzi mmoja wa mwalo wetu. Akauliza, "Mmepoteza bibi wa kitenge cha kijani?"

Shangazi alikuwa amekwenda kujisaidia. Akirudi akawakuta kina mama wanaanika dagaa, akasimama kutazama, akaona mmoja anahangaika peke yake, akainama kumsaidia kutandaza. Huko kwao ndivyo walivyolelewa, humpiti mtu anafanya kazi. Kelele za manahodha hazikufika upande ule kwa upepo. Alipotokeza, boti zilikuwa ndogo kama sisimizi. Wale kina mama wakamfunika khanga, wakampa uji, akalala nao.

Alfajiri kuna mtumbwi mkubwa unaleta dagaa mjini. Tulimpokea saa mbili asubuhi, ananuka dagaa na moshi, anacheka, na mimi nalia. Aliyemleta ni yule kijana aliyepiga simu, na mkononi alikuwa na daftari la mistari, jalada limeloa likakauka mara nyingi mpaka limekuwa gumu kama ngozi. Hapo ndipo mnapaswa kusikiliza, waheshimiwa. Upande mmoja wa daftari ni ndoo za dagaa: nani katoa ngapi, nani kalipwa. Ukiligeuza, upande wa nyuma, ni watu. Tarehe, jina, anakotoka, anakokwenda, wangapi chomboni. Nikaliona jina la shangazi, herufi kubwa, na chini yake ameandika: "umri 67, kitenge kijani, hana simu, apokelewe na ndugu." Akaniomba nitie sahihi kwamba nimempokea. Na akasema jina la shangazi liko pia kambini, kwenye karatasi, kwa mama mmoja mpika chakula, na kama hadi saa nne yeye hajapiga simu kwamba wamefika, yule mama atatuma mtumbwi.

Nikamuuliza nani aliwaamrisha kufanya hivyo. Akasema hakuna. Walianza wenyewe, baada ya mtumbwi mmoja kutorudi, na wao kubishana siku nzima walikuwa wanne au watano. Wa tano hakuwa na ndugu pale kambini wa kumuulizia.

Mimi kitambaa cha mteja sikipokei bila kuandika jina, tarehe na vipimo. Kitambaa kikipotea nitalipa. Hiyo ndiyo sababu sielewi, na naomba mnieleweshe, inakuwaje boti mbili ziruhusiwe kuchukua watu karibu sabini wasioandikwa popote.

Ninachoomba ni kidogo. Kila mwalo unaopakia abiria uwe na daftari, na uwe na mtu mmoja wa nchi kavu anayelishika: mwenyekiti wa mtaa, au mtu wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi, au mama lishe wa pale, yeyote ambaye hapandi boti ile. Majina yaandikwe kabla watu hawajapanda, na saa ya kurudi iandikwe. Nahodha aondoke na nakala. Kule waendako wahesabiwe wakishuka, wahesabiwe wakipanda, na saa ya kurudi ikipita, mwenye daftari asisubiri kuulizwa na ndugu wanaolia, apige simu. Namba ya kupiga iandikwe ukutani kwa rangi, kubwa, isomeke hata na mtu aliyechanganyikiwa. Na jaketi zifunguliwe lile fundo zivaliwe. Hilo la mwisho silisemi sana kwa kuwa mmeshalisema ninyi wenyewe mara nyingi.

Naomba pia isije ikawa kama ilivyozoeleka. Likitokea jambo, boti zinafungiwa wiki mbili, wenye boti wanatozwa faini, kisha kila kitu kinarudi palepale na nauli imepanda. Msiwafungie. Yule nahodha ana watoto, na boti ile ndiyo inayopeleka wajawazito kliniki. Wala daftari lisigeuzwe kuwa ushuru mpya, jina kwa shilingi mia tano. Likiwa la pesa watu watalikwepa, nahodha atapakia mbele ya mwalo, gizani, nyuma ya mawe, na tutakuwa tumejenga jambo baya zaidi. Daftari la mistari halifiki hata bei ya nauli ya mtu mmoja. Kama ni gharama, kwaya yetu itanunua ya mwalo wetu. Tunachokosa ni amri yenu, na mtu wenu wa kupita Jumamosi asubuhi kuona kama imefuatwa. Jumamosi asubuhi, nasisitiza, si Jumatano saa nne ambapo mwalo hauna abiria.

Na mkitaka mfano wa kuiga, msiutafute mbali. Nendeni kwenye kambi za dagaa mkawaulize wale vijana. Hawajui kama walichokibuni kina maana hata kwenu. Yule aliyemleta shangazi aliona aibu nilipomsifu, akafunga daftari lake haraka kama mtu aliyekutwa na kosa.

Kwaya imepanga kwenda tena Desemba, na shangazi amesema anakuja, gauni ni lile lile. Daftari nimeshanunua. Nimepiga mistari kwa rula, safu ya jina, safu ya simu, safu ya boti, na jina lake liko mstari wa kwanza. Nakala moja nitampa nahodha. Ya pili, waheshimiwa, bado sina wa kumwachia pale mwaloni, na ndiyo maana nimewaandikia mapema.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani, Kirumba, Mwanza